Sabuni kwenye Mpira wa Rejeta

Mzee Taratibu hakuwa mwongo kwa tabia. Aliendesha malori miaka thelathini na minane, na jina hilo alipewa na utingo wake, kwa sababu hata barabara ikiwa tupu, bila hata mbuzi wa kusingizia, yeye hakuvuka sitini. Mtu wa namna hiyo uongo humchosha, kwa kuwa uongo unataka mbio. Hata hivyo Jumamosi ile aliamka na uongo wake umeshaiva. Alijipenyeza nje na kipande cha sabuni ya kufulia mkononi, akafungua boneti ya gari lake dogo la kijivu polepole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alimolala mtoto.

Binti yake alikuwa anakuja. Angekuja kusalimia tu, baba mtu angekuwa anafagia uwanja kwa nyimbo. Lakini alikuwa anakuja kulipima gari.

Huyo binti ndiye mtoto wao wa pekee, na ni fundi wa magari mjini, mwendo wa saa mbili kwa basi. Watu wote humwita Fundi, na wazazi wake nao humwita hivyo, hasa wakitaka kumbembeleza. Miezi mitatu nyuma gari lilichemsha njiani wakati Mzee anamrudisha mkewe kutoka hospitali. Mkewe, Mwalimu, alivunjika nyonga mwaka uliopita alipoteleza bafuni, na tangu hapo hupelekwa mazoezi mara tatu kwa wiki. Siku hiyo walikaa kando ya barabara zaidi ya saa mbili, moshi unatoka, jua linawaka, mpaka msamaria mmoja akawavuta. Fundi alikuja kesho yake, akatengeneza, akajaza maji mapya, akaondoka jioni ileile. Kabla ya kuondoka alisema neno moja ambalo Mzee Taratibu hajaacha kulitafuna.

"Baba, nasema mara moja tu. Likivuja tena, ufunguo nachukua mimi. Mama atakuja kukaa kwangu, hospitali nyingine ipo mtaa wa pili, anatembea kwa mguu. Wewe utakuwa unakuja Jumapili."

Jumapili! Nyumba ya Fundi ilikuwa na chumba kimoja cha ziada, na humo kitanda cha mtu mmoja, tena chembamba. Nyumba ya wazee nayo haikuweza kuachwa bila mtu. Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi: baada ya miaka arobaini na mmoja ya ndoa, Mzee angekuwa mgeni wa mkewe, wa kukaribishwa sebuleni na kuulizwa kama anatumia sukari. Tangu siku ile hakuwahi kulala usiku mzima.

Basi mwezi mmoja uliopita, kwa bahati mbaya, aliona mpira wa juu wa rejeta unatoa jasho injini ikipata moto. Alikaza klipu yake, ule mkanda wa chuma unaoubana. Akaikaza tena. Mara ya tatu klipu ikakatika meno, ikawa inazunguka tu. Kununua nyingine kulikuwa na balaa lake: fundi wa mtaani alifunzwa kazi na binti yake, na duka la vipuri ni la shemeji wa fundi huyohuyo. Kumwonyesha yeyote kati ya hao ni sawa na kupiga simu mjini. Mzee akaona heri afe na siri yake. Kila jioni, injini ikishapoa na Mwalimu yuko ndani anasikiliza taarifa ya habari, yeye alitoa kidumu alichokificha chini ya tairi la akiba, akamimina lita moja, akafunga, akaingia ndani kuuliza dunia imesemaje.

Sabuni ilikuwa ujanja wa barabarani. Kila dereva wa zamani anaujua: unaikanda kwa maji mpaka inakuwa kama unga wa kusukuma, unaipachika kwenye ufa, inashika kwa muda. Mzee aliikanda, akaipaka kuzunguka mdomo wa mpira, akailainisha kwa kidole gumba, akairudia kwa vumbi kidogo ili isionekane ngeni. Akajaza maji mpaka juu. Kisha akarudi kitandani kabla mkewe hajaamka, akajifanya anaamka.

Fundi aliingia saa tatu, begi zito begani, nywele amezifunga kitambaa.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, Fundi wetu. Pole na safari."

"Umekonda," Mwalimu alisema kutoka mlangoni, ameegemea mkongojo wake. Hakuna siku Fundi alifika nyumbani akaambiwa amenenepa. "Ingia unywe chai kwanza."

"Chai baadaye, Mama. Gari hupimwa likiwa baridi." Alimkumbatia mama yake, akamwangalia miguu. "Nyonga inasemaje?"

Hapo Mzee akapata nafasi ya kusifu, akaidaka. "Inapona! Siku hizi mama yako anaamka kabla ya jogoo. Anafagia uwanja, anamwagilia maua. Mimi nikiwa bado nanyoa ndevu, yeye ameshamaliza."

Fundi aliyatazama maua. Yalikuwa makopo matano yaliyopangwa ukutani, na ndani ya kila kopo kijiti kikavu. Alimtazama mama yake, akayatazama tena. Mzee hakuyatazama, tangu lini mwanamume wa malori akakagua maua?

"Haya," Fundi alisema, akilaza begi chini. "Linakunywa maji?"

"Hata tone."

"Mama?"

Mwalimu alifundisha hesabu miaka thelathini, na mtaa mzima unajua kwamba hajui kusema uongo. Fundi mwenyewe alipokuwa darasa la tano alipata kumi na moja kwa hamsini, na mama yake aliisoma alama hiyo mbele ya darasa kwa sauti ileile aliyosomea za wengine. Sasa Mwalimu aliinamia mkongojo wake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale.

"Kama baba yako amesema, si amesema?"

Mzee alishangaa, kisha akashukuru kimoyomoyo. Aliona mkewe amechagua maneno kwa sababu hajui lolote.

Fundi alifungua kifuniko cha rejeta. Maji yalikuwa yamefika mdomoni kabisa, yanatetemeka. Alichovya kidole, akakiinua juani.

"Baba, mimi nilijaza maji ya kijani humu. Nilijaza kwa mkono wangu. Rangi imekwenda wapi?"

"Rangi za siku hizi," alisema Mzee. "Zinachuja. Hata mashati."

Fundi hakucheka, ila pembe moja ya mdomo ilimsaliti. Alipunguza maji kidogo, akatoa kwenye begi pampu ya mkono yenye geji ya mshale, akaikaza mdomoni mwa rejeta pale kilipokuwa kifuniko. Akaanza kusukuma. Alikuwa na desturi ya kueleza anachofanya, tabia aliyoirithi kwa mama yake.

"Nasukuma hewa ndani, injini imezimwa. Maji yanabanwa kama vile gari lipo barabarani. Kama pana tundu, litajitaja lenyewe. Na mshale huu ukisimama, hakuna tundu. Ukishuka, lipo."

Mshale ulipanda. Mzee aliutazama kwa macho mawili, kisha kwa moja. Ulisimama. Alikuwa anaanza kupumua aliposikia sauti ndogo, *pwiii*, kama mtoto anayenyonya kwa mrija. Kutoka kwenye mdomo wa mpira wa juu likachomoza povu. Lilikuwa dogo kwanza, la kuweza kusamehewa. Kisha likaumuka. Likatoa kipovu kikubwa, cheupe, chenye rangi za upinde wa mvua ndani yake, kikakua mbele ya watu wote watatu kikafika ukubwa wa chungwa, kikapasuka kwenye pua ya Fundi.

"Baba," Fundi alisema, akijifuta. "Gari lako linaoga?"

Mwalimu aligeukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Hakukuwa na pa kukimbilia. Mzee alivua kofia, akasema yote: jasho la mpira, klipu iliyokatika meno, kidumu chini ya tairi, lita moja kila jioni wakati wa taarifa ya habari. "Na kabla hujaniletea ile methali ya ufa na ukuta," alimalizia, "nimeshaisikia."

"Sikuwa naileta." Fundi alikuwa anakwangua sabuni kwa bisibisi. Uso wake ulikuwa mgumu, na Mzee alijua ugumu ule. Aliuona kila siku kwenye kioo. "Tuzibe hapa kwanza. Mengine tutaongea."

Alifunga klipu mpya kutoka kwenye begi lake. Kazi ya dakika nne. Akasukuma tena pampu. Mshale ulipanda, ukasimama, na juu hapakutoka tone wala povu. Mzee akaona labda ataponea hapo: tundu moja, klipu moja, aibu moja.

Kisha mshale ukaanza kushuka.

Ulishuka taratibu, bila haraka, kwa mwendo ambao yeye mwenyewe angeusifu. Fundi alimtazama baba yake. Mzee aliinua mikono yote miwili.

"Huo uvujaji si wangu. Haki ya Mungu, huo siujui."

Na ilionekana haujui kweli. Fundi alitandika gunia, akalala chali, akaingia chini ya gari. Mzee mgongo wake haumruhusu kuinama tangu alipoacha malori, kwa hiyo alibaki anaongea na viatu vya bintiye.

"Unaona nini?"

"Mpira wa chini umepasuka, hapa kwenye shingo. Unadondosha kidogo kidogo. Huu unavuja hata gari likilala." Viatu vilitulia. "Baba, nani amemwaga mchanga hapa?"

"Mchanga gani?"

"Juu mkavu, chini tope. Kuna mtu anafukia."

Fundi alijitoa chini ya gari, akaketi juu ya gunia, vumbi mgongoni. Alitazama fagio lililoegemezwa mlangoni. Alitazama kopo la kumwagilia, lenye maji bado. Mwisho akatazama vile vijiti vitano vikavu ukutani.

"Mama," alisema polepole. "Unamwagilia maua gani?"

Mwalimu alivuta kiti chake cha plastiki, akakaa, akalaza mkongojo magotini.

"Lita moja na nusu," alisema. "Kila alfajiri. Nimeipima."

Mzee alimgeukia mkewe. "Wewe? Boneti unaifungua vipi?"

"Nimekutazama ukiifungua miaka arobaini. Unadhani nilikuwa natazama ndege?" Sauti yake ilikuwa ya darasani, lakini kidevu kilikuwa kinacheza. "Niliona tope asubuhi moja. Nikajua huwezi kuinama, hujaliona. Nikasema, nikikwambia, mtu asiyejua kudanganya kama wewe utampigia Fundi mwenyewe ukajishtaki. Halafu mimi nipelekwe kwenye kile kitanda." Alimgeukia bintiye. "Usinielewe vibaya, mwanangu. Chumba chako kizuri. Lakini nimezoea kukoromewa. Nikilala kimya nasikia mifupa yangu."

Mzee Taratibu alikaa kwenye ukingo wa bampa. Kwa mwezi mzima walikuwa wakipishana uwanjani, yeye jioni na mkewe alfajiri, kila mmoja akimwibia mwenzake shida. Angeweza kucheka. Badala yake akili yake ilikwenda kwenye hesabu. Lita moja na lita moja na nusu. Yeye alikuwa anaendesha akiamini anaijua hali ya gari lake, na kumbe alijua chini ya nusu. Ingetosha asubuhi moja tu Mwalimu apitiwe na usingizi. Injini ingekufa katikati ya barabara, kwenye kona yanakopita malori, na aliyekaa kiti cha pembeni hawezi kukimbia. Alitia mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akaunyoosha kwa bintiye.

"Chukua."

"Baba..."

"Chukua, Fundi. Ulisema kweli. Maisha yangu yote sijamwangusha abiria. Sitaanzia kwa huyu." Hakuona haya kulia mbele yao. Alikuwa amechoka kuficha vitu. "Mpeleke kwako. Mimi Jumapili nitakuja na basi la kwanza."

Fundi hakuupokea. Alikuwa anakwangua grisi kwenye kucha, tena kwa nguvu, kama alivyokuwa akifanya akiwa na miaka saba amevunja kitu.

"Siku ile mlipokwama mlinipigia mara kumi na moja," alisema.

"Ah, hiyo imepita. Ulikuwa kazini."

"Nilikuwa chini ya gari la mtu. Simu ilikuwa kwenye koti, koti limetundikwa. Natoka nakuta kumi na moja. Mnajua nilifikiri nini? Nilikaa chini kwenye mafuta, nikaogopa kupiga." Aliacha kukwangua. "Sikuutaka ufunguo wako, Baba. Nilitaka nisione tena kumi na moja kwenye simu yangu. Nikiwa na Mama ndani ya nyumba, nitakuwa namsikia anatembea. Basi. Ndiyo sababu yenyewe, hakuna nyingine."

Mzee alikuwa amejiandaa kugombana na mkali. Hakujiandaa kwa mtoto aliyeogopa.

Mwalimu aligonga mkongojo chini mara mbili. Wote wawili wakanyooka, maana mlio ule waliujua.

"Mmemaliza? Mmoja ananitoa, mwingine ananipokea, kama kabati. Tangu nianguke bafuni hakuna aliyeniuliza mimi nataka kukaa wapi."

Fundi alimtazama. "Unataka kukaa wapi, Mama?"

"Hapa. Na huyu. Anipeleke na anirudishe kwa sitini yake hiyo, nifike nimeshasinzia." Akavuta pumzi. "Na wewe nataka uje. Nilipovunjika nyonga ulikaa siku mbili. Gari lilipochemsha ulikaa nusu siku. Huwa unakuja kitu kikiharibika, mwanangu, unakitengeneza, unaangalia saa. Hata leo, chai yangu umeiambia baadaye."

Maneno hayo yalisemwa bila ukali, na labda ndiyo maana yalimpata Fundi palepale. Aliinama. Mzee aliona machozi ya bintiye yakidondoka kwenye suruali ya kazi.

Kisha Fundi aliuchukua mkono wa baba yake uliokuwa bado umenyooshwa, akamkunja vidole, kimoja kimoja, mpaka ufunguo ukafichika ndani.

"Kaa nao," alisema. "Ila mkiona tone moja, simu. Nyote wawili. Siyo sabuni, siyo mchanga, simu."

"Simu," Mzee alikubali.

"Simu," alisema Mwalimu, "na uipokee."

Fundi alicheka na machozi yake. Akarudi kazini. Alimwaga maji yote kwenye beseni, akachomoa mpira wa chini, akakata kipande kilichopasuka, upana wa vidole viwili, kwa kuwa mpira wenyewe ulikuwa na urefu wa kutosha. Akaurudisha kwa klipu mpya. Akajaza maji ya kijani kutoka kwenye dumu alilokuja nalo. Mzee alimshikia taa ambayo haikuhitajika, jua lilikuwa linawaka, lakini alitaka kushika kitu. Mwalimu aliagiza waangalie na kule kushoto, ingawa hakujua kushoto kuna nini.

Kisha pampu ikakazwa kwa mara ya mwisho, mshale ukapanda.

"Robo saa," Fundi alisema, akifuta mikono. "Ukisimama robo saa bila kusogea, limepona. Mimi niwahi basi la saa sita."

Walikaa kuutazama, Mwalimu kwenye kiti chake, Mzee kwenye bampa, Fundi amechuchumaa kati yao. Dakika tano. Jirani alipita akauliza wanaangalia nini, Mwalimu akamjibu, "Mshale," naye akaenda zake bila kuelewa. Dakika kumi. Mwalimu alianza kusimulia habari ya mwanafunzi wake wa zamani aliyemwona sokoni, akamwita kwa sauti, akakuta mtu ameota mvi. Fundi alicheka mpaka akashika tairi. Mzee alikuwa akiwatazama wao zaidi ya mshale.

Robo saa ilitimia. Mshale ulikuwa palepale, haujatikisika hata unywele. Mzee aliangalia saa yake, akaangalia begi la bintiye, akajiandaa kwa kwaheri kama alivyojiandaa siku zote, kwa kusimama mapema.

Fundi naye aliangalia saa. Akaangalia mshale. Akakaa chini kabisa juu ya gunia, akanyoosha miguu.

"Gari la zamani hili," alisema, bila kumtazama mtu. "Tulipe saa nzima. Au mpaka jioni. Na Mama, ile chai bado ipo?"

Mzee Taratibu alifungua mdomo. Alitaka kusema kwamba katika miaka thelathini na minane ya magari hajawahi kusikia rejeta inapimwa mpaka jioni. Mwalimu akamkanyaga mguu, kwa ule mguu wake mbovu, tena kwa nguvu. Mzee akafunga mdomo, akaingia ndani kumletea binti yake kiti.